Kabla ya Tailizi, Maji Machafu

Fundi alipofika kuangalia bafu, hakuingia ndani. Alimsalimia mama mkwe pale barazani, akaazima jembe, akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kifuniko cha chemba, kile kishimo cha nje kinachopokea maji machafu ya nyumba. Kilikuwa kimefukiwa, mizizi ya mpera imepita juu yake. Alipokipata akakiinua upande mmoja, akageuza uso harufu ya kwanza ipite, kisha akateremsha mita ya kupimia hadi pale bomba la choo linapoingilia. Namba aliyoisoma akaiandika kiganjani kwa kalamu ya bluu. Ndipo akasema, "Haya mama, twende sasa tukaone hilo bafu."

Mtaani tunamwita Afande. Alikuwa jeshini kabla ya kushika ufundi bomba, na hapa Bombo, Uganda, hilo si jambo la ajabu. Mji una kambi, una wanajeshi wastaafu kila kona, na una familia za Kinubi, wazao wa askari waliotoka Sudani, kama hii niliyoolewa. Mimi mwenyewe ni wa Tanga. Kiswahili changu cha pwani na chake cha kambini vinaelewana vizuri, ila chake kina amri nyingi.

Nyumba aliijenga marehemu baba mkwe. Bafu lilikuwa la kizamani: choo cha kuchuchumaa, bilula moja ya chuma ukutani, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu, na tundu la maji ya kuogea lililomwaga nje kwenye migomba. Lilitutosha. Kilichobadilika ni goti la mama mkwe. Kuchuchumaa kukawa mateso, na kunyanyuka ndiyo kabisa. Akawa anajivuta kwa kushika ile bilula, mpaka ikaanza kucheza ukutani. Hapo watoto wake wakakaa kikao, wakachanga.

Wifi yangu aliyeko Kampala alituma picha ya bafu analolitaka. Choo cheupe cha kukalia chini ya dirisha, sinki juu ya kabati, bomba la mvua kwenye kona yenye kioo, tailizi za kijivu hadi darini. Picha nzuri, sibishi. Shida ya picha za namna hiyo ni kwamba hazionyeshi chemba iko upande gani.

Afande aliiangalia, akarudisha simu, akauliza, "Huyu anajua maji machafu yatapita wapi?" Kisha akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo nalirudia kwa kila anayeniuliza habari za bafu. Maji safi yana nguvu inayoyasukuma. Unaweza kuyapandisha, kuyashusha, hata kuyapitisha juu ya mlango ukitaka. Maji machafu hayana msukumo ila mteremko. Kwa hiyo bafu hupangwa kuanzia kule maji machafu yanakoishia, unarudi nyuma taratibu hadi kwenye choo, halafu kwenye tundu la kuogea, halafu sinki, na bomba za maji safi zinafuata baada ya hapo. Tailizi ni mambo ya mwisho, ingawa ndizo watu huanza kugombania.

Tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi. Kutoka usawa wa sakafu ya bafu hadi chini ya bomba linapoingia chemba, kina kilikuwa sentimita 28. Chemba iko nje ya ukuta wa kaskazini. Dirisha liko ukuta wa kusini. Choo kikiwekwa chini ya dirisha kama picha inavyotaka, bomba litasafiri karibu mita nne na nusu chini ya sakafu. Ukilipa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, umeshakula sentimita 9. Zinabaki 19. Bomba la choo ni la inchi nne, yaani milimita 110, kwa hiyo ondoa nyingine 11. Sentimita 8 zinazobaki haziwezi kutosha kona ya bomba inayopokea choo, zege la juu yake, na tailizi.

"Basi tuinue sakafu," akasema mume wangu. Ndivyo wanavyofanya wengi. Ukiingia nyumba zilizokarabatiwa utakuta bafu lina kidaraja mlangoni. Lakini kidaraja cha nini kwa mtu ambaye goti ndilo lililosababisha ujenzi? Mama mkwe alikuwa anasikiliza toka barazani. Akapaza sauti, "Mkiniwekea ngazi, mtanibeba nyie."

Njia nyingine ilikuwa kupunguza mteremko. Bomba la inchi nne linaweza kwenda na sentimita moja na kitu kwa mita likiwa limelazwa vizuri, bila tumbo mahali popote. Afande hakutaka. Alisema bomba la mteremko mdogo linahitaji mkono wa uhakika na udongo usioshuka, na udongo wa nyuma ya nyumba ile ulikuwa wa kujaziwa. Ukishuka kidogo tu, bomba linafanya tumbo, na tumbo ndipo uchafu unapokaa.

Halafu kulikuwa na kibla: anayejisaidia hatakiwi kukielekea wala kukipa mgongo. Kutoka huku Uganda, Makka iko kaskazini kwa kuelemea mashariki kidogo. Choo cha chini ya dirisha kingemfanya anayekikalia atazame kaskazini, yaani aelekee kibla moja kwa moja. Kikihamishiwa ukuta wa kaskazini, karibu na chemba, atakipa kibla mgongo. Najua kuna wanazuoni wanaolegeza sharti hilo ndani ya jengo, lakini sikuwa na nia ya kumfundisha mama mkwe fiqhi ndani ya nyumba ya mumewe. Tukaangalia choo cha zamani: baba mkwe alikuwa amekielekeza mashariki na magharibi. Mzee alishalimaliza suala hilo kabla yetu.

Kwa hiyo pakabaki mahali pamoja tu panapokubalika. Choo kiegemee ukuta wa mashariki, karibu kabisa na kona ya kaskazini, bomba litoke nje kwa safari ya mita moja na ushee. Mteremko unakula sentimita tatu hata hazifiki, sakafu haiinuki, kibla kiko salama. Wifi alilalamika kwamba choo kitaonekana ukifungua mlango. Nikamwambia ataufunga.

Kitu cha kwanza kununua kilikuwa choo chenyewe, kabla hata ya kuchimba. Watu hushangaa nikisema hivyo, kwa sababu choo ndicho kinachofungwa karibu na mwisho. Lakini vyoo havifanani matumbo. Kuna vinavyotolea maji chini, sakafuni, na vinavyotolea nyuma, ukutani. Hata vile vya kutolea chini, umbali kutoka ukutani hadi katikati ya tundu hutofautiana. Vingi tulivyoviona madukani Kampala vilikuwa vya sentimita 30, lakini vipo vya 25 na vya 40, na muuzaji hatakwambia mpaka umuulize. Ukishamwaga zege kwa kipimo kingine umekwisha. Na hizo sentimita 30 zinahesabiwa kutoka kwenye uso wa tailizi. Siku ya kuchimba ukuta uko mtupu. Ukijumlisha lipu, gundi na tailizi yenyewe unapata kama sentimita tatu. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara fundi wake alipima kutoka kwenye tofali bila kuzihesabu. Choo kikagoma kukaa juu ya tundu, tangi lake likagusa ukuta kabla. Walibandua tailizi za nyuma, wakachimba ukuta upya kufuata umbo la tangi, na mpaka leo pale nyuma pana kidonda cha saruji.

Maji ya kuogea tuliyatenganisha na ya choo. Mtaani kwetu hakuna mtandao wa maji taka wa kujiunga nao. Kila nyumba ina karo lake, na likijaa unaita gari la kunyonya, ambalo huenda kumwaga kwenye mitambo ya Kampala kama ule wa Lubigi. Ukilijaza karo kwa maji ya sabuni utaliita hilo gari mapema na kwa bei yako mwenyewe. Basi choo kikaenda kwenye karo, na maji ya kuogea na ya sinki yakachimbiwa shimo lake la mawe upande wa migomba. Kazi ya kuchimba tuliipanga kabla ya mvua za Machi. Ukichimba shimo wakati wa masika huku unajidanganya. Linajaa usiku, asubuhi unaanza kuchota.

Kwenye tundu la sakafu Afande alikataa bomba la inchi moja na nusu nililoletewa na kijana wa dukani. Alitaka la inchi mbili, na kichujio ambacho kikombe chake cha ndani kinachomoka kwa mkono ili nywele zitolewe. Maji yanayobaki kwenye kikombe hicho, kina cha vidole viwili au vitatu, ndiyo yanayozuia harufu isipande. Chumba kisipotumika kwa muda maji yanakauka na nyumba nzima inanuka, na watu wanamlaumu fundi. Dawa ni kumwaga maji kidogo tu. Nje, kwenye bomba la choo, akasimamisha bomba la hewa mpaka likapita ukingo wa paa. Bila hilo, kila choo kinapovutwa maji yanayoshuka yanafyonza hewa, na maji ya kuzuia harufu yanayobaki chooni yanaweza kuondoka nayo. Na kwenye nyumba ambazo sinki na choo vinatumia bomba moja, ukisikia sinki linagugumia wakati choo kinavutwa, ujue hewa inatafuta njia.

Maji safi hayakutuumiza kichwa sana, ila bomba za chuma zilibidi zing'olewe zote. Asubuhi ukifungua bilula maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai. Ndani zilikuwa zimeota kutu mpaka tundu limebaki jembamba kuliko kidole changu kidogo. Mume wangu alitaka zibaki zile za ukutani ambazo hazivuji. Afande alikata kipande kimoja kwa msumeno, akampa ashike, akatazame ndani. Mjadala ukaisha.

Tukahamia PPR, bomba za plastiki zinazounganishwa kwa joto. Maji ya mji hukatika, kwa hiyo bafu linategemea tangi lililoko juu ya mnara wa vyuma, na hapo kuna hesabu nyingine ambayo wengi huiruka. Kila mita 10 za kimo zinakupa ba 1 ya msukumo. Chini ya tangi letu na kichwa cha bomba la mvua vinatofautiana kimo kwa kama mita mbili, maana yake ni ba 0.2 tu. Kwa msukumo mdogo hivyo bomba jembamba linaua kila kitu. Afande akaleta bomba la milimita 25 kutoka kwenye tangi hadi ndani ya bafu, akapunguza kuwa 20 pale tu linapoelekea kwenye kila kifaa. Kona nazo akazibania. Kila kona inaiba kidogo.

Nilipenda kumtazama akichomelea. Ile pasi ya bomba ikishafika nyuzi 260, anasukuma bomba upande huu na kiungio upande ule, anahesabu kimyakimya midomo ikicheza, tano kwa bomba la milimita 20, saba kwa la 25, anavichomoa na kuviunganisha kwa msukumo mmoja ulionyooka, hazungushi hata kidogo, kisha anashikilia. Kabla ya hapo amekwisha kuweka alama ya kalamu kwenye bomba kuonyesha liingie mpaka wapi, kama sentimita moja na nusu. Kijana wake mmoja alichelewesha bomba kwenye pasi kwa sababu simu ililia. Afande akakikata kile kiungio, akakipasua kwa kisu mbele yetu: ndani plastiki ilikuwa imevimba ikafanya pete, tundu limebaki nusu. Kwa nje kilikuwa kizuri kabisa. Simu zikakusanywa.

Kabla ya lipu, kila mdomo wa bomba ukazibwa kwa kizibo, pampu ya mkono ikafungwa, mshale wa kipimo chake ukapandishwa hadi ba 10. Ukaachwa usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umeshuka. Tuliutafuta mvujo kwa kupitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio, na ikalowa kwenye uzi mmoja wa shaba, ule wa bilula. Wakaufungua, wakazungusha tepu nyeupe upya, wakapampu tena, mshale ukatulia. Ningekuwa na uwezo wa kuamrisha jambo moja kwa wanaokarabati bafu, lingekuwa hilo: fundi wa lipu asikanyage mpaka mshale umelala palepale usiku mzima. Mafundi wa lipu wana haraka sana, na hulipwa kwa mita.

Hita ya papo kwa papo ilileta maneno. Za kawaida zinazouzwa huku zina nguvu ya kilowati 5 na nusu hivi. Kwa umeme wetu wa volti 240 hiyo ni ampea 23. Waya wa soketi hauwezi. Ilibidi fundi umeme atoe waya wake pekee toka kwenye boksi, mnene, wenye breka yake na waya wa ardhi unaofika ardhini kweli, na apitishe kabla ya lipu, wakati mmoja na bomba. Pia ukinunua hita soma kwenye boksi inataka msukumo wa maji kiasi gani. Nyingine haziwaki kabisa chini ya tangi fupi kama letu, na zipo zenye kipampu ndani kwa ajili hiyo. Kwetu Tanga, ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, ungetafuta pia ile iliyotengenezewa maji ya chumvi, kwa sababu ya kawaida itaoza. Huku hatukuhitaji. Mama mkwe alisikia habari za ampea, akauliza Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, italiwa kiasi gani, akajibiwa kwa uaminifu, akasema maji yake ataendelea kuyachemsha jikoni.

Na hapo ndipo palipokuwa na kifaa muhimu kuliko vyote, ambacho hakikuwemo kwenye picha ya wifi: bilula ya ndoo. Mama mkwe haogi kwa bomba la mvua, wala haogi kwa kusimama. Anakaa kwenye kigoda na ndoo yake. Maji yakikatika, sote tunarudi kwenye ndoo. Kwa hiyo bilula ikawekwa kwa kimo cha sentimita 60, ndoo ya lita 20 ipite chini yake bila kuinamishwa, na upande wa mkono wake wa kulia akiwa amekaa. Tulimkalisha pale kwenye kifusi, juu ya kigoda chake, akanyoosha mkono, Afande akaweka alama ukutani. Hivyohivyo kwa kibomba cha kuchambia karibu na choo. Vipimo vya vitabu ni vizuri, lakini mwenye bafu yuko hai, mpime yeye.

Koki za kufungia tuliweka moja nje, inayofunga bafu zima, na ndogo chini ya kila kifaa. Kwa miksa ya moto na baridi, mimi nilikuwa na swali moja kwa kila duka: kile kitu cha ndani kikifa, unacho cha kubadilisha? Waliosema watakiagiza niliwaaga. Miksa tuliyochukua si nzuri kuliko zote, ila kartriji yake nimeikuta hata dukani kwenye mji jirani wa Wobulenzi.

Malipo tulikubaliana yaende kwa hatua, sehemu ya mwisho akilipwa baada ya kila kitu kufungwa na kujaribiwa. Afande mwenyewe ndiye aliyependekeza. Alisema anayekataa mpango huo anajua kitu ambacho wewe hukijui.

Siku moja kabla ya lipu nilipiga picha kuta zote nne, mita ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona na nyingine kutoka sakafuni, ili namba zisomeke. Zilikuja kutufaa mwishoni, wakati wa kufunga vyuma vya kushikilia pembeni ya choo. Tailizi zilikuwa tayari, ukuta umefunikwa, na kijana wa drili alikuwa ameshaweka alama pale pazuri kwa macho. Nikafungua picha. Bomba la maji lilipanda sentimita mbili tu kutoka kwenye alama yake. Tukasogeza chuma upande wa mlango, akatoboa, akapiga boliti ndefu zinazoingia kwenye tofali. Afande akakishika chuma kwa mikono miwili, akakunja magoti, akaning'inia kwa uzito wake wote. Hakikutikisika. Akashuka, akajifuta vumbi, akasema sasa anaweza kupokea salio lake.